Kijana wa Ngamiani aliyeshikiliwa Lindela, na kiapo kilichotakiwa kutoka Tanga

Sitaji majina katika kisa hiki, na alama chache zinazoweza kumtambulisha mtu nimezibadilisha. Mhusika ni kijana wa Ngamiani, Tanga, fundi wa majokofu. Mapema mwaka 2022 alipanda basi la Sauzi, akavuka Tunduma na nchi za njiani, akafika Beitbridge, akagongewa muhuri wa siku 90 kama anavyogongewa Mtanzania yeyote anayeingia kutembea. Siku zikaisha, yeye akabaki Durban. Mwanzoni mwa 2025 alikamatwa kwenye msako wa wahamiaji, na muda si mrefu akawa Lindela, ile kambi ya Krugersdorp, magharibi mwa Johannesburg, wanakowekwa watu wanaosubiri kurudishwa makwao.

Mpaka hapo ni kisa ambacho Tanga tumekizoea. Sidhani kama kuna barabara Ngamiani, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, isiyomjua mtu aliyedipotiwa kutoka Sauzi. Akirudi hupokewa, hutaniwa kidogo barazani, kisha anatafuta shughuli nyingine. Huyu alikuwa na jambo la ziada: Durban alikuwa anaishi na mwenza wake, raia wa Afrika Kusini, mwanamume mwenzake. Walikuwa wamepanga nyumba moja tangu katikati ya 2022.

Huku nyumbani aliyejua ni dada yake peke yake. Mama hajui, wajomba hawajui, na mume wa huyo dada hajui. Dada alinifuata kwa sababu nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria na marehemu baba yao alikuwa jirani yangu. Akanipa simu nisome ujumbe wa wakili wa Durban. Ili kuiomba mahakama izuie kijana asirudishwe kwa kuwa ana mwenza raia, wakili alihitaji hati ya kiapo kutoka kwa ndugu wa karibu, ikieleza kwamba anawajua wote wawili, anamhesabu yule mwenza kuwa ni shemeji, na familia inauchukulia vipi uhusiano wao. Kama kuna picha za pamoja, zitumwe.

"Baba mdogo," akaniambia, "nikishaapa kwamba yule ni shemeji yangu, hiyo karatasi itakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililoniongoza katika kisa chote, kwa sababu wakili hakuwa amelijibu, na sina hakika kama alijiuliza.

Tuanze na asili ya ombi la wakili. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya mwaka 1991 ya kudhibiti wageni, iliyowapa nafuu ya uhamiaji wake na waume wa raia. Nafuu hiyo ilikuwa ya waliooana, na wakati huo watu wa jinsia moja hawakuruhusiwa kuoana. Mgeni aliyeishi miaka mingi na raia wa jinsia yake alihesabiwa kama mtu asiye na mtu. Katiba ya 1996 ilipokuja na kifungu cha 9 kinachokataza ubaguzi hata wa mwelekeo wa kimapenzi, jambo hilo halikuweza kudumu. Tarehe 2 Desemba 1999 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Laurie Ackermann na kuungwa mkono na wenzake wote, ilisema kifungu kile cha uhamiaji kinavunja usawa na utu wa mtu. Mahakama haikukifuta. Ilikiongezea maneno, ili pale panapotajwa mwenzi wa ndoa pasomeke pia mwenza wa jinsia moja mwenye uhusiano wa kudumu.

Uhusiano wa kudumu utaujuaje bila cheti cha ndoa? Hukumu ikataja mambo ya kutazamwa: umri wa wenza, muda waliokaa pamoja, kama waliwahi kufanya sherehe na ni nani waliohudhuria, kama wanaishi nyumba moja na kodi inalipwa na nani, kama mmoja anamtunza mwenzake, kama wameandikishana kwenye bima ya matibabu na pensheni, kama wana mkataba, kama wametajana katika wosia. Na katikati ya mambo hayo likawekwa hili: jinsi ndugu na marafiki wanavyouchukulia uhusiano huo.

Hapo ndipo Ngamiani ilipoingizwa kesini.

Kwa mtu ambaye wazazi wake wako Cape Town na wanakula naye kila Jumapili, kipengele hicho ni cha kumsaidia. Kijana wa Tanga akiulizwa ndugu zake wanauonaje uhusiano wake, jibu la kweli ni kwamba hawauoni, kwa kuwa amehakikisha hawauoni. Ofisa asiyezijua nyumba zetu anaweza kuusoma ukimya huo kama dalili ya uhusiano wa kughushi, wa kutafutia karatasi. Ndiyo maana wakili alikuwa na haraka ya kuziba pengo. Lakini hukumu ileile inasema pia jambo ambalo wanaonakili vielelezo vya viapo hulisahau: hakuna hata kimoja kati ya vipengele hivyo kilicho cha lazima. Dada angeweza kukaa pembeni kabisa na kesi ikasimama, ilimradi vingine vina uzito.

Sasa jibu la swali lake. Kiapo cha kuambatanishwa na maombi ya Mahakama Kuu huingia kwenye jalada la mahakama, na jalada hilo kwa kawaida ni la wazi. Mwandishi wa habari anaweza kulisoma. Wakili anaweza kuomba majina yafichwe, ila kukubaliwa ni uamuzi wa jaji. Kabla ya hapo, kiapo kingeapwa hapa Tanga mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili mmoja zaidi wa mjini ambaye angejua. Na mji wetu tunaujua, habari haihitaji nauli.

Kisheria dada hatendi kosa kwa kusema kweli juu ya kaka yake. Hatari iko kwa kaka. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu kile inachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, na tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, kikiweza kufika maisha. Kiapo cha kwamba fulani anaishi na fulani kama mume na mume hakimtii mtu hatiani peke yake. Lakini kesi ikishindwa, kijana atashushwa Dar es Salaam huku nyuma yake kuna maandishi ya ndugu yake mwenyewe, yenye saini na muhuri. Karatasi iliyokusudiwa kumwokoa kule ingekuwa imemtangulia huku.

Wapo watakaosema basi arudi tu, aende upya kwa utaratibu, wafunge ndoa, aombe viza akiwa nyumbani. Nimelisikia hili hata kwa watu wenye elimu. Kwanza, kanuni za uhamiaji za Afrika Kusini za mwaka 2014 zinasema aliyezidisha siku zaidi ya 30 akiondoka hutangazwa asiyetakiwa na kufungiwa mlango kwa miaka 5. Anaweza kumwomba waziri amwondolee zuio, naye waziri anaweza kukubali au kukataa. Pili, mwenza wake hana namna ya kumfuata Tanga kama mwenzi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi. Cheti cha Durban hapa hakina mahali pa kusimama, wala hakiwezi kumpatia mtu kibali cha kuishi kwa msingi wa mke au mume. Kwa wapenzi wa jinsia tofauti kudipotiwa ni hasara ya fedha na muda, kwa kuwa wanaweza kuhamia upande wa pili. Kwa hawa wawili palikuwa na upande mmoja tu.

(Namibia ingekuwaje? Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya huko ilikataa kumhesabu mwenza wa jinsia moja kuwa familia kwa ajili ya kibali cha makazi. Tarehe 16 Mei 2023 mahakama hiyohiyo ikageuka, katika kesi ya Digashu na ya Seiler-Lilles, ikasema ndoa halali iliyofungwa nje itambuliwe chini ya sheria ya uhamiaji. Wabunge walikasirika, na ndani ya miezi michache wakapitisha miswada ya kuubana uamuzi huo. Hata hivyo kijana wetu hakuwa na cheti cha ndoa, hivyo Windhoek isingemfaa.)

Kwa nini hakuwa na cheti? Afrika Kusini imeruhusu ndoa hizi tangu tarehe 30 Novemba 2006, kwa Sheria ya Muungano wa Kiraia. Sababu ya kwanza ni woga: picha moja ya harusi ikirushwa WhatsApp inafika Barabara ya 8 kabla ya pilau kupoa. Sababu ya pili, ambayo baadaye ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha kesi, ni kwamba hakuwa na pasipoti, na bila pasipoti hakuna ofisa wa ndoa atakayemfungisha mgeni.

Pasipoti ilipotea hivi. Ndani ya zile siku 90 alimkabidhi dalali, Mtanzania mwenzake, pasipoti na fedha ili amshughulikie kuongezewa muda. Dalali akatoweka. Kijana akaenda polisi Durban kuripoti, akapewa namba ya kesi, yaani RB kama tunavyoita huku. Kisha akafanya wanachofanya wengi, akanyamaza na kuendelea na kazi. Mwaka uliofuata dalali mwingine alimletea kibali kilicho tayari, kwa bei nafuu. Alikikataa kwa kuwa hakuwa na fedha, wala hakujua kwamba umaskini ulikuwa unamwokoa. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2002, kifungu cha 29, inamweka anayekutwa na kibali cha kughushi kwenye kundi la watu waliopigwa marufuku, na hilo ni zito kuliko kuzidisha siku. Mwenye kibali cha bandia, hata awe na mwenza wa miaka 20, anaanza kesi yake akiwa shimoni.

Alipokamatwa alifanya kosa ambalo wenzake wengi hulifanya. Mgeni anayetakiwa kuondoshwa hupewa karatasi ya taarifa, na ndani yake kuna sehemu ya kuchagua: kukata rufaa, kutaka kizuizi chake kithibitishwe na mahakama, au kusubiri kurudishwa kwa nafasi ya kwanza. Sheria inataka aelezwe haki hizo kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana. Yeye aliweka alama ya kusubiri kurudishwa kwa sababu ndiyo aliyoonyeshwa kwa kidole. Ilimchukua wakili siku kadhaa kulitengua hilo. Kilichosaidia ni kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Juni 2017, anayeshikiliwa kwa uhamiaji lazima afikishwe mwenyewe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Zamani angeweza kukaa siku 30 bila kuonana na mahakama. Mbele ya hakimu ndipo alipotamka kwa mara ya kwanza hadharani kwamba ana mwenza, raia, na anaomba apigiwe simu. Kwa mtu aliyejificha maisha yake yote, kulisema hilo huku pingu ziko mkononi si jambo dogo.

Njia ya ukimbizi ilifikiriwa, na sikuipenda sana, ingawa kisheria ilikuwa wazi. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inataja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mtu awe wa kundi la kijamii linalolindwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Mnyarwanda aitwaye Ruta, ilisema kuchelewa kuomba hakumnyimi mtu haki ya maombi yake kusikilizwa. Na hoja kwamba alipokuwa Tanga hakuguswa kwa sababu alijificha, kwa hiyo akajifiche tena, ilishakataliwa Uingereza mwaka 2010 na Mahakama ya Juu, katika shauri la watu wawili wa Iran na Kameruni. Uamuzi wa Uingereza hauifungi Pretoria, ila husomwa. Njia hii ina faida moja kubwa kwa familia: maombi ya ukimbizi ni siri kwa sheria, na tangu 2013 siri hiyo huweza kulegezwa katika hali maalumu tu.

Hata hivyo, mwenye hadhi ya ukimbizi harudi nyumbani kusalimia. Akitua Tanga kuzika, atakuwa ameukana woga wake mwenyewe. Kijana huyu ana mama mgonjwa wa sukari anayekwenda kliniki Bombo. Alisema kwa simu kutoka Lindela kwamba akichaguzwa kati ya karatasi na kumzika mama, anachagua kumzika mama. Ukimbizi ukawekwa akiba, utumike ikiwa njia ya mwenza itaziba.

Njia ya mwenza nayo ina masharti yake. Sheria ya 2002 inamhesabu kuwa mwenzi hata asiyeoa ikiwa yumo katika uhusiano wa kudumu. Kanuni za 2014 zinadai mkataba uliothibitishwa na wakili mthibitishaji, ushahidi wa kuishi pamoja angalau miaka 2 kabla ya maombi, kisha wenza wahojiwe kila mmoja peke yake, siku moja na saa moja. Lakini aliyezidisha siku hawezi hata kuyapeleka maombi hayo mpaka kwanza apate fomu ya kumruhusu kubaki wakati anaomba, na ili aipate lazima aonyeshe kwamba alishindwa kuomba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Nikarudi kwenye simu ya dada. Picha za pamoja hazikuwepo, na nilishukuru. Nikamwomba atafute mazungumzo ya mwaka 2022, ya wakati kaka alipoibiwa pasipoti. Alipandisha ujumbe kwa kidole hadi akachoka, akapumzika, akaendelea. Ikapatikana picha ya ile karatasi ya polisi, yenye namba na tarehe, iliyotumwa siku ileile pamoja na maneno ya kaka: "Dada nimeisha, jamaa kakimbia na pasi yangu." Tarehe ilikuwa ndani ya siku 90. Kwa maana nyingine, karatasi zake zilipotea wakati bado yuko nchini kihalali. Ile nakala yake mwenyewe ilishachanika zamani, na kituo cha polisi kilikuwa hakijajibu maombi ya wakili. Ujumbe kwa dada ulikuwa na thamani kuliko kiapo chochote cha ushemeji, na haukumtaja mwenza hata kwa herufi.

Nikamwandikia wakili kwa adabu kwamba Tanga itatoa mambo matatu: nakala ya ujumbe huo, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kwa ajili ya pasipoti mpya inayoombwa ubalozini Pretoria, na kiapo kifupi cha dada kwamba huyo ni kaka yake wa tumbo moja na hajawahi kuoa. Kiapo cha namna hiyo hata mama akikisoma hakimshtui. Kijana wa kiume kutooa ni lawama ya kawaida tu. Kuhusu ndugu wanavyouchukulia uhusiano, nilimkumbusha kwamba hukumu inawataja ndugu wa wenza wote wawili, na mwenza ana mama Pietermaritzburg. Wakili alijibu kwa maneno machache: kweli, hakuwa amemwuliza. Yule mama aliapa bila kusita, akaeleza nani hufunga bomba jikoni kwake likivuja na nani alimpeleka hospitali.

Vielelezo vingine vilitoka Durban: mkataba wa pango wenye majina mawili, risiti za umeme, na bima ya mazishi. Hii ya mwisho ndiyo iliyonigusa. Kule bima ya mazishi iko karibu kila nyumba, hata kwa mwenye kipato kidogo, na tangu 2023 yule mwenza alikuwa amemwandika kijana wetu kama mtu wa kwanza kwenye bima yake. Mtu anayetafutiwa karatasi za uongo haandikwi huko, kwa sababu kila mwezi fedha inakatwa na hakuna ofisa anayeangalia.

Mahakama Kuu ilisimamisha safari ya kumrudisha mpaka Idara ya Mambo ya Ndani iamue maombi ya fomu, akatoka Lindela. Fomu ilitolewa baadaye. Maombi ya viza ya mwenzi yako mezani, mahojiano bado. Nimewaambia wasikariri majibu, maana wenza wa kweli hutofautiana juu ya rangi ya pazia na nani alipika juzi. Viza ikitoka ataweza kufanya kazi kihalali, lakini itategemea uhusiano uendelee kuwepo. Ukivunjika, nayo inakwisha. Makazi ya kudumu kwa msingi wa mwenzi huombwa baada ya miaka 5. Hilo nililisema mara mbili, kwa sababu linampa mwenza mmoja nguvu kubwa juu ya mwingine, na sheria haina dawa yake.

Dada alipokuja kuchukua nakala zake aliuliza kama kaka atakuja Idi. Haji. Fomu aliyonayo ni ya kubaki, si ya kutoka na kurudi. Akivuka mpaka leo, siku zote alizozidisha zinahesabiwa na ile miaka 5 inaanza. Viza ikipatikana atasafiri kama msafiri mwingine yeyote, kwa pasipoti yake ya Tanzania, peke yake. Mama ameambiwa karatasi zinashughulikiwa, na ameuliza tu kama zitatoka kabla ya mfungo.